Kabati la nyanya lilivaa rangi nne

Wiki moja kabla ya Ramadhani, miaka kadhaa iliyopita, nilinunua kopo la rangi nyeupe ya maji na brashi ya inchi mbili, nikalikabili kabati la vyombo la nyanya. Sikuliosha, sikulisugua. Nilipangusa vumbi kwa leso kuukuu, nikapaka mikono miwili, na adhuhuri ilipoadhiniwa kazi ilikuwa imekwisha. Nikajiona fundi. Idi ilipofika, rangi ilikuwa ikibambuka kama magamba ya changu, na kila mgeni aliyefungua mlango kutoa sahani aliondoka na kibanzi cheupe ukuchani.

Kabati lenyewe halikuwa na kosa. Ni la mvule mtupu, limeundwa Mtongwe kabla mimi sijazaliwa. Nyanya alipofariki, lilivuka kivuko cha Likoni juu ya mkokoteni, likaenda kwa shangazi Changamwe. Shangazi alipohama, likaja kwangu Mlaleo, Kisauni. Limezunguka bara yote ya Mombasa, kusini, magharibi na kaskazini, na kisiwani halikukaa ila saa za kupita tu.

Nilipoanza kuibambua kazi yangu mbovu ndipo nilipoona kilichokuwa chini yake. Chini ya nyeupe yangu kulikuwa na krimu. Chini ya krimu, bluu ya bahari. Chini ya bluu, kijani kilichokoza, kigumu kama kigae. Halafu mvule wenyewe, umeiva rangi ya asali. Shangazi alinieleza kuwa bluu ni ya mwaka wa harusi yake, na kijani alikipaka nyanya mwenyewe. Nilifurahi kama aliyefukua barua za zamani. Baadaye nikajifunza kuwa matabaka yale ni kumbukumbu, na pia ni hatari. Anayeshika brashi bila kuyajua hayo mawili huharibu kwa asubuhi moja kitu kilichodumu miaka hamsini.

Kwa nini cha kale

Tembea Jumamosi kando ya barabara ya Magongo, au ile ya kutoka Bakarani kwenda Mtopanga, au ukishuka feri upande wa Likoni: kila baada ya hatua chache utaona kitanda kimelazwa ubavu, stuli zimepindukia miguu juu, na kijana mwenye kitambaa puani akisugua. Si zote ni za kuuza. Nyingi ni za watu wanaotengenezewa vyao: meza ya baba, dresa la mama, kitanda cha mtoto wa kwanza ambacho sasa kinamsubiri wa nne.

Sababu ya kwanza ni pesa. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na bei ya mbao ikapanda. Rais William Ruto alitangaza kuiondoa marufuku hiyo Julai 2023, kisha mvutano ukaendelea mahakamani. Muda huo wote karakana zetu zilizidi kutegemea mbao kutoka nje ya nchi, na bodi za kiwandani zikajaa madukani: chipbodi na emdiefu, ambazo ni vumbi na vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi.

Sababu ya pili ni nyumba zetu zenyewe. Pwani tunaosha sakafu kwa ndoo. Chipbodi ikilamba maji miguuni mara kumi, hufura kama mkate uliolowa chai, na haina dawa tena. Mvule, mninga na mbambakofi hazina taabu hiyo. Zililowa, zikakauka, zikaendelea. Basi mtu mwenye kabati la urithi la mbao halisi, hata kama limechakaa na linanuka mende, ana mali ambayo mwenzake aliyenunua jipya kwa mkopo huenda asiipate.

Kwanza jua unachokishika

Kabla ya kufungua kopo, ligeuze kabati. Nyuma na chini ndiko fanicha isikojipamba. Ukiona nyuzi za mbao zinaendelea kutoka uso hadi ukingoni, hiyo ni mbao. Ukiona ngozi nyembamba juu na makombo katikati, hiyo ni bodi iliyovalishwa, na ukiisugua kwa nguvu utaitoboa ngozi.

Tikisa viungo. Kilicholegea kitiwe gundi na kubanwa usiku mzima, kwa sababu rangi haikamatishi mguu. Gonga mbao kwa kifundo cha kidole. Sauti ya debe tupu inamaanisha mchwa wamekula ndani. Matundu madogo yanayomwaga unga laini ni ya wadudu watobozi, na huhitaji dawa kabla ya kuzibwa. Chungulia pia kwenye nyufa za kitanda. Kunguni hawaogopi rangi. Ukiwapaka watatafuta ufa mwingine.

Mwisho, jua rangi iliyopo ni ya maji au ya mafuta. Lowesha kitambaa kwa spiriti, kisugue pembeni. Rangi ya maji italainika na kuchafua kitambaa. Ya mafuta itakaa kimya. Kipimo hiki cha dakika moja kingeniepusha na aibu ya Idi. Nilipaka rangi ya maji juu ya mafuta ya zamani yanayong'aa, pasipo na kwaruzo hata moja la kuishikia. Rangi hushika kama mtu apandaye mnazi: pasipo na vidato, atateleza tu.

Msasa kabla ya brashi

Msasa ulikuwa jina la mti kabla ya kuwa jina la karatasi. Majani ya mti huo yanakwaruza, na maseremala wa pwani waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi za dukani hazijafika. Kwa hiyo kusugua si ujuzi wa kigeni kwetu. Pale Changamwe, ushirika wa wachongaji wa Kikamba, uliokuwapo tangu 1963, ni mahali pazuri pa kuona msasa unafanya nini. Kinyago hutoka kwenye tezo na patasi kikiwa na makovu, na sehemu kubwa ya uzuri wake huja baadaye, kwa kusugua na kung'arisha, pasipo rangi yoyote. Usione vyaelea, vimeundwa.

Utaratibu wenyewe si mgumu, unadai subira tu. Osha kwanza kwa sabuni na maji ya vuguvugu, hasa kabati lililokaa jikoni, maana mafuta ya kukaangia huingia kila kona na rangi haikai juu ya mafuta. Liache likauke siku nzima. Ziba matundu kwa filla ya dukani, au kwa unga wa msumeno uliokandwa na gundi nyeupe kama walivyofanya wazee. Palipobambuka, sugua kwa msasa wa namba 120. Ukishaziba na kulainisha, maliza kwa 240, kufuata nyuzi za mbao, kamwe si kuzikata. Huhitaji kufika kwenye mbao tupu kila mahali. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri ni msingi mzuri. Iondolee mng'ao tu.

Kisha andakoti. Hapa wengi hubana shilingi, na hapa ndipo mbao zetu za pwani huwaumbua. Mvule, mninga na mbambakofi zina utomvu wa rangi ndani yake. Ukipaka nyeupe ya maji juu ya mbao hizo bila kinga, baada ya siku chache madoa ya kahawia yatapenya kama chai iliyomwagika kwenye kanzu. Andakoti ya mafuta huyazuia. Kati ya mkono na mkono, pitisha msasa wa 240 kwa wepesi, pangusa vumbi, ndipo upake tena. Mikono miwili myembamba hushinda mmoja mzito.

Kwa rangi ya mafuta tumia tapentaini kuizimua, tena kidogo. Thina kali ya vanishi za kupuliza inaweza kuikunja rangi iliyo chini, na mafuta ya taa, ambayo wengine huyakimbilia kwa kuwa yako jikoni, huichelewesha kukauka hadi inate vidole. Soma maandishi ya kopo.

Risasi iliyo kwenye rangi

Sasa turudi kwenye kile kijani cha nyanya, kigumu kama kigae.

Tukisikia neno risasi tunafikiria bunduki. Lakini risasi kwanza ni madini: mazito, laini, ya kijivu, yale yale yaliyomo ndani ya betri za magari. Kwa miaka mingi viwanda vya rangi duniani viliyatia kwenye rangi ya mafuta kwa sababu yalikolezea rangi, hasa manjano, nyekundu na kijani, yakaharakisha kukauka, na yakaifanya istahimili maji. Madhara yake hayakuwa siri. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo. Marekani ilipiga marufuku rangi ya nyumba yenye risasi mwaka 1978. Kiwango cha Kenya sasa hakiruhusu zaidi ya sehemu 90 za risasi katika milioni moja ya rangi. Lakini kiwango cha leo hakirudi nyuma kulifuata kabati lililopakwa zamani.

Rangi hiyo ikiwa imetulia na haibambuki, haina neno. Taabu huanza inapogeuka vumbi. Vumbi huingia puani, hukaa sakafuni, huganda kwenye vidole vya mtoto atambaaye, na vidole huenda mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, ambao ubongo wao bado unajengeka, na mimba zilizo tumboni.

Bara ya Mombasa haihitaji kutolewa mfano wa mbali. Kijiji cha Owino Uhuru kiko Mikindani, eneo lililokuwa la Changamwe kabla Jomvu haijawa na mbunge wake. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi kando ya kijiji hicho mwaka 2007, kikafungwa 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa kiwandani humo na ambaye mwanawe mchanga alipatikana na risasi mwilini, aliongoza madai ya wakazi na akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi huo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha.

Kabati moja si kiwanda, na sitaki kumtia mtu hofu ya bure. Ila njia ya sumu ni moja: vumbi, mkono, mdomo. Sikuwa na kipimo cha kuniambia kama kijani cha nyanya kilikuwa na risasi, kwa hiyo nikakichukulia kuwa kilikuwa nayo. Ndivyo ninavyomshauri yeyote mwenye fanicha iliyopakwa rangi ya mafuta zamani, naye hajui ni rangi gani.

Usiisugue kavu. Tumia msasa wa maji, ule mweusi usiochanika ukilowa, na ndoo pembeni, ili vumbi ligeuke tope. Usiichome kwa moto kuibambua, maana moshi wake ni mbaya kuliko vumbi. Usitumie mashine ya kusugulia isiyo na mfuko wa kunyonya. Fanyia kazi nje, mbali na jiko, kisima na kamba ya nguo. Tandika nailoni au magazeti, hata hili ukishalisoma, uyakunje na uchafu wake ndani. Vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini, kitambaa hakitoshi. Watoto na wajawazito wasiwepo. Ukimaliza, pangusa sakafu kwa kitambaa cha maji badala ya kufagia, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Na kama rangi ya zamani imeshika barabara, njia salama kuliko zote ni kuiacha ilipo: ikwaruze kidogo kwa maji, ifunike kwa andakoti, ifungie humo.

Hapa nina neno kwa wazazi na kwa mafundi wenye karakana. Yule kijana mwenye kitambaa puani mara nyingi ni mwanafunzi wa kazi, na anasugua kavu, siku sita kwa wiki, mahali ambapo mama wa jirani anauza viazi karai. Karatasi ya msasa wa maji na ndoo haziongezi gharama ya kumshinda mwenye karakana. Kinachokosekana ni mtu wa kusema.

Jua, mvua na chumvi

Wazee wa pwani walijua rangi kama kinga kabla ya kuijua kama pambo. Chombo kilipopandishwa ufukweni kilitiwa kalafati kwenye nyufa na kupakwa deheni, chokaa iliyochanganywa na mafuta, ili funza wa baharini wasikile. Hawakufanya hivyo siku yoyote waliyojisikia. Walingoja majira.

Fanicha nayo ina majira yake. Miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, hewa ni kavu zaidi na rangi hukauka kwa heshima. Mvua za mwaka zikianza, unyevu huingia kati ya mkono na mkono, na vanishi iliyopakwa jioni huamka asubuhi ikiwa na ukungu mweupe. Hata katika kaskazi, jua la saa sita si rafiki: huikausha rangi juu kabla ya chini, nayo hutoka malengelenge. Paka asubuhi umande ukishakauka, kivulini penye upepo, na uache kabla ya alasiri kuingia jioni.

Chumvi ni adui wa kimya. Kwa anayeishi karibu na maji, Mtongwe au Junda, misumari hushika kutu na kutu hupenya rangi kwa alama nyekundu. Toa misumari inayotoka, weka skrubu zisizoshika kutu, na zilizobaki zifunike kwa andakoti. Na usisahau nyayo. Lipindue kabati upake chini ya miguu mikono miwili, kwa ajili ya zile ndoo zetu za maji.

Simu zetu sasa zimejaa video za rangi ya chaki, mtindo ulioanzishwa Uingereza mwaka 1990 na Annie Sloan, wa kupaka bila msasa na kumaliza kwa nta. Inapendeza machoni. Lakini nta hulegea kwa joto, na joto letu si la Uingereza. Ukiupenda mtindo huo, malizia kwa vanishi, na bado uoshe mafuta kwanza.

Kisichopakwa rangi

Kuna urithi usiotaka brashi kabisa. Ukibahatika kurithi kiti cha enzi cha mpingo kilichotiwa nakshi ya pembe na kusukwa kwa uzi, au kasha lenye njumu za shaba, au kitanda cha samadari, weka kopo chini. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inavihesabu vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa vitu vya kale vinavyolindwa, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Kabla ya kufanya lolote, vuka daraja au feri uende makavazi ya Fort Jesus uulize. Vumbi la kiti kama hicho hutolewa kwa kitambaa kikavu, basi.

Hata pasipo sheria, jiulize kama mbao iliyo chini inastahili kufichwa. Nilipofika kwenye mvule wa nyanya nilisita. Milango ilikuwa na viraka na alama za kutu, ikahitaji rangi, nami nikairudishia kijani chake, mara hii kutoka kopo jipya. Ubao wa juu ulikuwa mzima, nikaupaka vanishi tu. Kazi nzima ilichukua wikendi nne. Katika hizo, brashi ya rangi niliishika siku mbili.

Basi kama una cha mama au cha nyanya kinachongoja kona ya nyumba, usianzie dukani kwenye makopo. Wikendi hii kigeuze, kikague, kioshe, wapeleke watoto kwa jirani, uanze na ndoo na msasa wa maji. Rangi isubiri wikendi ijayo.